Tiketi nne za mama wa Kariakoo: kisa cha safari ya Bangkok na Guangzhou

Katikati ya Agosti mama mmoja mwenye duka la nguo na mikoba ya kike Kariakoo aliingia ofisini kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mimi kazi yangu ni kukata tiketi, na wateja wangu wengi ni watu wa namna yake: wanaokwenda Asia mara moja au mbili kwa mwaka kufuata mzigo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Naomba unipigie hesabu hii, maana nimeshindwa kujua nililiwa wapi.”

Karatasi ilikuwa ya safari ya mwaka uliotangulia, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Juu kabisa aliandika dola 743. Chini kabisa 1,459, ikapigiwa mistari miwili. Katikati ya namba hizo mbili ndimo kilimo kisa chenyewe, na nimemwomba ruhusa nikieleze kwa sababu kila mwezi naona watu wanaotaka kukirudia.

Safari ilikuwa hivi. Alitaka kuanzia Bangkok, eneo la Pratunam, wanakonunua magauni na blauzi watu wengi wa Kariakoo. Kutoka hapo aende Guangzhou kwa mikoba na viatu, kisha arudi Dar. Mtoto wa dada yake, kijana wa chuo, alikaa na simu usiku mbili tatu akilinganisha bei. Akaona tiketi ya shirika moja, inayoingia Bangkok na kutokea Guangzhou, pamoja na kipande cha katikati, inagonga kama dola 1,000. Akakata vipande vinne: Dar hadi mji mmoja wa Ghuba, kwenda na kurudi, dola 310 pamoja na begi la kilo 20, Ghuba hadi Bangkok, dola 165, Bangkok hadi Guangzhou kwa shirika la bei nafuu, dola 78, na Guangzhou kurudi Ghuba, dola 190. Jumla 743. Akamtumia mama yake mkubwa skrinishoti, na mama akamsifia ukoo mzima.

Kidonda cha kwanza kilitokea kabla hata hajatoka nyumbani. Tiketi zikiwa mbili tofauti, shirika la kwanza halina habari na la pili. Begi linaishia Ghuba. Inabidi ulifuate kwenye mkanda, utoke nje, ulipeleke tena kaunta. Kutoka nje maana yake umeingia nchi ya watu, na pasipoti ya Tanzania pale ilihitaji viza. Wakati wa kwenda viza moja, wakati wa kurudi nyingine, dola 90 kila moja. Kwa mtu mwenye tiketi moja hadi mwisho, begi lingeunganishwa lenyewe, naye angebaki upande wa ndani akinywa chai yake. Kijana hakulijua hilo, na tovuti aliyokatia haikumuuliza.

Kidonda cha pili kilikuwa Don Mueang. Bangkok ina viwanja viwili. Suvarnabhumi ndio mkubwa, ulifunguliwa 2006, na ndiko zinakotua ndege za kutoka Afrika. Don Mueang ni wa zamani, uko upande wa kaskazini wa jiji, na mashirika mengi ya bei nafuu yanarukia huko. Mama alikuwa amelipia begi la kilo 20 mapema, dola 32, pamoja na kilo 7 za mkononi. Akafika kaunta na mzigo wa Pratunam. Mizani ikasoma 31.

Anasimulia mwenyewe, na anasimulia vizuri. Alilivuta begi pembeni, akalifungua sakafuni mbele ya foleni, akaanza kuvaa. Gauni la kwanza juu ya suruali, gauni la pili juu ya la kwanza, koti la jinzi, na blauzi mbili kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Jasho linamtoka, watu wanampisha. Alipomaliza, begi lilikuwa pungufu kweli, lakini mfuko wa mkononi nao ulikuwa umeshavimba, na dada wa kaunta akauomba nao upande mizani. Hesabu ya mwisho ilitoka kilo 11 za ziada, dola 14 kwa kilo. Dola 154. Kiti chenyewe kilikuwa dola 78.

Guangzhou alilipia begi la pili kaunta, dola 110. Halafu ndege ya kurudi Ghuba ikachelewa saa tano. Ndege yake ya Dar ikaondoka bila yeye, na kwa kuwa ilikuwa tiketi nyingine kabisa, hakuna aliyewajibika. Shirika lililochelewa lilimfikisha Ghuba kama lilivyoahidi. Shirika lililomwacha lilimwona ni abiria asiyetokea. Akanunua tiketi mpya, dola 240, akalala kwenye viti vya uwanja.

Jumlisha mwenyewe: 743, viza 180, begi la mapema 32, kilo za ziada 154, begi la Guangzhou 110, tiketi mpya 240. Ni 1,459, na mama hakukosea hata senti.

Yule kijana namtetea. Mtu akinitajia kisa hiki huwa anamcheka kwanza yeye, na si haki. Hesabu yake ya tiketi ilikuwa sahihi. Alichosahau ni kwamba alikuwa anahesabu viti, na mama yake mkubwa alikuwa anakwenda kununua kilo. Ukiiondoa ile dola 240, ambayo ilikuwa bahati mbaya, bado safari ingegharimu 1,219. Kwa maneno mengine, hata kama ndege zote zingeondoka kwa dakika yake, njia ya bei rahisi ilikuwa imeshapitwa na ile ya dola 1,000.

Sasa alitaka kwenda tena, na safari hii alikuja kwangu. Sikufungua kompyuta kwanza. Nilimuuliza mzigo unatakiwa dukani lini.

Swali hili watu huliona la pembeni, lakini ndilo linaloamua tarehe, na tarehe ndiyo inayoamua bei. Alitaka bidhaa za Desemba. Mzigo wa meli kutoka Guangzhou hadi Dar, ule wa kuchangia kontena unaopimwa kwa CBM, yaani mita za ujazo, huchukua kama mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, na foleni ya bandari ina mambo yake. Akinunua katikati ya Septemba, mzigo unafika mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Akisubiri Novemba, itabidi apandishe kwa kago ya ndege, na tofauti ya kilo kati ya meli na ndege inameza punguzo lolote nitakalompatia kwenye kiti.

Oktoba yenyewe nilimkataza. Tarehe 1 hadi 7 Wachina wako mapumziko ya sikukuu ya taifa, na maduka mengi ya jumla hufungwa. Tarehe 15 yanaanza maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, kwa awamu tatu zinazoishia mwanzoni mwa mwezi unaofuata. Dunia nzima inamiminika pale, hoteli zinapanda, viti vinajaa. Mtu anayetafuta kiwanda cha kumtengenezea kontena zima la masufuria aende, ni mahali pake. Mama huyu hununua mikoba dazeni mbili hapa, dazeni tatu kule, kwenye masoko ya ngozi ya Sanyuanli. Maonyesho hayamhusu, ila bei zake zingemhusu sana.

Kwa hiyo Septemba. Hapo tukakutana na kikwazo kingine ambacho nakiona mezani kwangu kila mwaka: mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba wanafunzi wetu wanaosoma China wanarudi vyuoni. Ndege za kwenda Guangzhou zinajaa vijana na masanduku yao, na viti vya bei ya chini vinaisha mapema. Kutoka Guangzhou kurudi huku, katikati ya Septemba, hakuna msongamano huo. Bangkok mwanzoni mwa Septemba ni msimu wa mvua, watalii wachache. Njia ya mama, kuingia Bangkok na kutokea Guangzhou, ikawa imekaa vizuri yenyewe kama vile tuliipanga.

Nilifungua njia tatu.

Air Tanzania inaruka Guangzhou moja kwa moja kwa ndege yake kubwa ya Dreamliner, na kwa mtu wa Guangzhou peke yake huwa naianza hiyo, maana hakuna kubadilisha ndege wala begi kupotelea njiani. Lakini mama alitaka na Bangkok. Angetua Guangzhou, aende Bangkok, arudi tena Guangzhou kupanda ndege ya nyumbani, yaani vipande viwili vya katikati badala ya kimoja. Zaidi ya hapo, kama angeingia tena mjini, angehitaji viza ya China ya kuingia mara mbili. Watu wengi husahau kuhesabu idadi ya kuingia, wakija kushtuka wako Bangkok na viza imeshatumika.

Kenya Airways inafika Bangkok na Guangzhou kupitia Nairobi. Siku tulizotaka bei yake ilikuwa juu. Ethiopian nayo inafika miji yote miwili kupitia Addis Ababa, na inaruhusu mabegi mawili ya kilo 23. Hapo ndipo tulipokaa.

Naomba nieleze jinsi bei ilivyotoka, maana hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Nilitafuta Dar hadi Bangkok kwenda na kurudi: dola 780. Dar hadi Guangzhou kwenda na kurudi: 860. Mteja akiniambia anaingilia huku na kutokea kule, hukumu ya haraka ya mtu mwenye simu ni kukata tiketi mbili za kwenda tu. Nikamwonyesha mama kwenye skrini: Dar hadi Bangkok kwenda tu, 540. Guangzhou hadi Dar kwenda tu, 610. Jumla 1,150. Mashirika haya makubwa ya safari ndefu huuza kwenda tu kwa bei iliyo mbali sana na nusu ya kwenda na kurudi. Ila ukiiomba kama tiketi moja, kwa kitufe cha miji mingi, mfumo huchukua nusu ya bei ya Bangkok na nusu ya bei ya Guangzhou. Nusu ya 780 ni 390, nusu ya 860 ni 430. Ikaja 820. Kitufe hicho kipo kwenye tovuti za mashirika yenyewe, na kipo pia kwenye tovuti za kulinganisha bei kama Google Flights na Skyscanner, bure, kwa mtu yeyote. Nimejiharibia biashara kuandika hivi, lakini basi.

Mashirika ya bei nafuu ya Asia kanuni yao ni tofauti kabisa, na kuchanganya kanuni hizi mbili ndiko kunakozaa visa kama hiki. AirAsia ilikuwa shirika lenye madeni wakati mfanyabiashara Tony Fernandes alipolinunua 2001 kwa ringgit moja ya Malaysia. Alichofanya, na wengine kama VietJet na Cebu Pacific wakafanya kwa namna zao, ni kuuza kila kipande peke yake. Kwenda tu kwao ni bei ya kawaida, hakuna adhabu ya kutorudi. Ndege za aina moja ili fundi na rubani wasibadilishebadilishe, ikishuka inapakia na kuondoka haraka, na bei ya mwanzo ni ya mwili wako na mfuko mdogo. Begi, kiti cha dirishani, wali, vyote vinauzwa. Hawamdanganyi mtu, yote yameandikwa. Kijana mwenye mkoba wa mgongoni anayetoka Kuala Lumpur kwenda Bangkok, kisha Hanoi, hana sababu ya kutafuta kitu kingine, mimi mwenyewe ningempeleka huko. Shida ni pale mtu mwenye kilo 31 anapoingia kwenye biashara iliyotengenezwa kwa mtu mwenye kilo 7.

Kipande cha Bangkok hadi Guangzhou kwa hiyo kilitaka swali lile lile: kilo ngapi? Mama akasema mzigo mkubwa wa Pratunam safari hii ataukabidhi kwa watu wa kago palepale, yeye atoke na sampuli na vitu vyake, kama kilo 20. Kutoka Don Mueang ilikuwa dola 74, na begi la kilo 20 lililolipiwa mapema dola 31, jumla 105. China Southern kutoka Suvarnabhumi ilikuwa 128, begi la kilo 23 likiwamo. Tofauti dola 23.

Nilichukua ya 128, na najua wenzangu wengine wangechukua ile nyingine. Sababu zangu mbili. Ya kwanza, mama anasema kilo 20 lakini mimi namjua. Ya pili, Suvarnabhumi ina treni ya mjini inayopita kituo cha Ratchaprarop, jirani kabisa na Pratunam, na nauli yake haifiki hata baht 50. Atakuwa ameshaipanda siku ya kufika, kwa hiyo siku ya kuondoka anajua njia. Kwenda Don Mueang kwa treni kungemtaka abadilishe njiani na mzigo wake, na teksi maana yake ni foleni ya magari ya Bangkok, na ile foleni si ya kubahatisha ukiwa na ndege ya kuwahi.

Kulikuwa na jambo la wenzake pia. Awali walitaka kwenda watatu. Nilipotafuta viti vitatu pamoja, mfumo ulitoa 864 kwa kila mmoja. Nikatafuta viwili: 820. Maana yake kwenye kapu la bei ya chini vilikuwa vimebaki viwili tu, na ukiomba vitatu kwa pamoja mfumo haugawi, unawapandisha wote. Nikakata viwili kwanza, cha tatu peke yake. Wawili wakaokoa dola 44 kila mmoja, na wa tatu alinuna mpaka nikamtengea kiti cha dirishani.

Mtu wa tatu huyo ndiye aliyekuja na ujanja wa mitaani: akate tiketi inayoanzia Nairobi na kupitia Dar, ambayo siku hiyo ilikuwa na bei nzuri, halafu aipandie Dar bila kwenda Nairobi. Nilimkatalia. Usipotokea kwenye kipande cha kwanza, vinavyofuata vinafutwa vyote, pamoja na cha kurudi. Kama unataka bei ya Nairobi, panda basi uende Nairobi kweli, na uhesabu basi hilo, na usiku wa gesti, na siku ya duka kufungwa.

Makaratasi yalikwenda haraka. Viza ya Thailand siku hizi huombwa mtandaoni, na kuna kadi ya kuingilia inayojazwa pia mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano Thailand wanakidai kwa abiria wa kutoka kwetu, na chanjo iwe imetimiza siku 10. Mama alikuwa nacho, kimechakaa lakini kinasomeka.

Kilichonipa wasiwasi zaidi kilikuwa saa. Ndege ya kurudi iliandikwa 00:35, tarehe 14 Septemba. Nimeshapoteza wateja wawili kwa namba ya namna hiyo. Mtu anaisoma saa sita na nusu usiku, tarehe 14, sawa kabisa, kisha siku nzima ya tarehe 14 anazunguka sokoni, usiku anachukua teksi kwenda uwanjani, na ndege yake imeshaondoka usiku uliopita. Kwetu tunasema usiku wa kuamkia tarehe 14, na maneno hayo yanaweka kila kitu mahali pake, ila tiketi haijui kusema hivyo. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika juu ya karatasi yake kwa herufi kubwa: TOKA HOTELINI TAREHE 13, SAA MBILI USIKU YA HUKO. Akaniuliza kama namwona mtoto. Nikamwambia hapana mama, namwona mteja.

Nilimuuzia pia mizani ya mkono, ile yenye ndoano, shilingi elfu kumi na tano. Aliishika kama mtu aliyeshikishwa samaki.

Jumla ya viti vyake ilitoka 948, yaani 820 na 128. Viza za Thailand na China sikuzihesabu hapa kwa sababu alizilipa safari zote mbili. Kwenye ile karatasi yake ya zamani akaandika 948 chini ya 1,459, akaikunja tena mara nne, akaitia kwenye kibindo.

Usiku wa tarehe 13 nikiwa nyumbani, WhatsApp ikalia. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni, kwake saa tano usiku. Ujumbe wa sauti, nyuma yake kelele za tangazo la Kichina.

“Mwanangu, nimeshapita kaunta. Begi la kwanza ishirini na mbili na nusu, la pili ishirini na tatu na kidogo, dada kaniangalia usoni, kalipitisha. Huyu mwenzetu wa dirishani kaambiwa apunguze, sasa anavaa makoti hapa, nimempiga picha. Hebu niambie, Mumbai kuna nini?”